Sufuria Moja ya Sikukuu

Miaka 7 iliyopita daktari alimwambia baba yangu kwamba shinikizo lake la damu limepanda mno na kwamba ni lazima apunguze chumvi, nasi nyumbani tukadhani tumelielewa agizo hilo vizuri. Sikukuu ilipofika, nilimpikia sufuria yake ndogo pembeni: nyama iliyochemshwa bila chumvi, wali mweupe na karoti. Wengine wote tulipakuliwa kutoka kwenye sufuria kubwa. Nilipomwekea bakuli lake alilitazama, akazitazama sahani za wajukuu zake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi nimekuwa mgeni hapa?" Alikula vijiko vitatu tu, akalisukuma bakuli. Jioni nilimkuta jikoni, amesimama peke yake, akichovya kipande cha mkate katika mchuzi uliobaki kwenye sufuria kubwa, nami sikuwa na neno la kumwambia.

Tangu siku hiyo sijapika tena sufuria mbili. Ninaamini kwamba chakula cha sikukuu kinapaswa kuwa kimoja kwa kila aliyeketi mezani, na kwamba mwenye wajibu wa kukifanya kiwe chakula cha afya ni mpishi, wala si mgonjwa. Tumezoea kuupika mlo wa sherehe kwa mafuta, chumvi na sukari bila kipimo, kisha tunamgeukia mwenye kisukari au mwenye shinikizo la damu na kumwambia ajizuie, akatae anachokaribishwa na aeleze maradhi yake mbele ya wageni. Huo ni mzigo mzito kumtwisha mtu katika siku ambayo kila mwenzake anafurahi. Zaidi ya hayo, kinachomfaa yeye kinatufaa sisi sote, hata sisi ambao bado hatujaambiwa lolote na daktari.

Nianze na chumvi, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha mengine. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ulaji wa chumvi wa mtu mzima usifike gramu 5 kwa siku, kiasi ambacho hakijazi kijiko kimoja cha chai. Sikukuu ya mwaka uliofuata nilipika sufuria moja kwa wote, nikiamini kwamba tayari nimeshapunguza vya kutosha. Hata hivyo, ili niwe na uhakika, asubuhi nilipima bakuli la chumvi kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuwasha moto, na usiku nikalipima tena. Zilikuwa zimepungua gramu 90. Tulikuwa watu 12, wakiwamo watoto 4, hivyo kwa wastani kila mmoja alikuwa amepangiwa gramu 7.5 kutoka kwenye bakuli lile peke yake, bila kuhesabu chumvi iliyokuwa tayari ndani ya mkate, jibini, na vile vipande vidogo vya kuongezea mchuzi ladha, ambavyo mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi.

Nilipofuatilia chumvi ile ilikopitia, niligundua kwamba haikumwagwa na mtu mmoja. Nilikuwa nimeitia kwenye viungo vya kulowekea nyama, nikaitia tena wakati wa kuunga mchuzi, dada yangu akapita akaonja na kuongeza kidogo, na shangazi naye, ambaye hawezi kupita karibu na sufuria bila kufunua kifuniko, akaongeza yake. Kila mkono uliongeza kiasi kidogo kwa nia njema, na hakuna aliyejua mwenzake ameweka kiasi gani. Siku hizi chumvi ya siku nzima naipima asubuhi, naiweka kwenye kibakuli kidogo, na anayeruhusiwa kukigusa ni mtu mmoja tu. Kwa watu 12 naweka gramu 35, kwa kuwa najua kuna nyingine itakayoingia pamoja na mkate na vitu vya kununua. Mchuzi nao nautia chumvi mwishoni, kwa sababu maji yanapopungua jikoni chumvi haipungui nayo, na mchuzi uliokuwa sawa saa 4 asubuhi unaweza kuwa umekolea kupita kiasi saa 7 mchana.

Chakula kisicho na chumvi ya kutosha huwa chapwa, na mtu akikiona chapwa atatafuta chumvi mezani. Hilo ndilo lililomshinda baba kwenye bakuli lake la kwanza: nilikuwa nimeiondoa chumvi bila kuweka chochote mahali pake. Ladha hujengwa kwa njia nyingi. Nyama ikikaushwa maji kwa kitambaa safi kabla ya kuwekwa kwenye kikaango chenye moto, na vipande visipobanana, hupata rangi ya kahawia na harufu nzito ambayo nyama ya kuchemsha haiwezi kuipata. Ni badiliko la kikemia ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912, na ndilo linalotokea pia kwenye ganda la mkate na kwenye kitunguu kinachokaangwa polepole. Uchachu nao hufanya kazi kubwa. Ndimu iliyokamuliwa dakika ya mwisho, au kijiko cha siki, huinua ladha kiasi kwamba ulimi hauulizi sana habari za chumvi. Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga mbichi iliyosagwa papo hapo huongeza mengine. Jambo jingine ni kwamba ulimi wenyewe hujifunza: ukipunguza chumvi kidogo kidogo, baada ya majuma kadhaa chakula cha zamani kitakuonekea kikali. Ndiyo maana huwa naanza kupunguza nyumbani miezi miwili kabla ya sikukuu, ili siku yenyewe pasiwe na mtu anayeshtuka.

Hapa naomba nitoe tahadhari. Zipo chumvi ambazo sehemu ya sodiamu yake, ile madini inayopandisha shinikizo la damu, imebadilishwa na madini nyingine iitwayo potasiamu, na kwa watu wengi wazima ni msaada mzuri. Lakini kwa mwenye maradhi ya figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu, potasiamu inaweza kurundikana mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo. Katika meza ya sikukuu hatujui kila mgeni anatumia dawa gani, kwa hiyo mimi siitii katika sufuria ya watu wote.

Upande wa mafuta sina ugomvi nayo. Mwili unayahitaji ili kufyonza vitamini A, D, E na K, na karoti au mboga za majani zilizopikwa bila tone la mafuta huwa hazitoi faida yake yote. Tatizo ni mkono unaomimina kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban gramu 14 na kalori 120, na mtu anayemimina bila kipimo huweka vijiko vinne au vitano akidhani ameweka viwili. Tangu nilipoanza kupima kwa kijiko, viazi ambavyo zamani nilivizamisha kwenye mafuta navichanganya na vijiko viwili kwenye bakuli, navitandaza kwenye trei bila kubanana, na naviingiza kwenye oveni yenye moto mkali mpaka kingo ziwe ngumu na za dhahabu. Watoto huvimaliza kabla havijafika mezani.

Nyama yenye mafuta mengi naipika siku moja kabla. Hii ni hila ya zamani ya wapishi, na sijui kwa nini tumeiacha. Nyama ikishaiva naigawa pamoja na mchuzi wake katika vyombo vipana, naipooza haraka, naiweka kwenye friji, na asubuhi nikifunua nakuta mafuta yameganda juu kama nta, meupe na magumu, na chini yake mchuzi umetulia. Nayainua kwa kijiko kama mtu anayevunja barafu nyembamba. Mwaka jana niliyapima: gramu 200, yaani kalori 1,800 ambazo zingeingia matumboni mwetu bila hata mmoja wetu kuzionja, kwa sababu ladha yenyewe ilibaki kwenye nyama na mchuzi. Na kwa wanaonunua keki na biskuti za sikukuu, someni maandishi ya kwenye pakiti. Yakitajwa mafuta yaliyoongezewa haidrojeni kwa sehemu, rudisheni rafuni. Hayo ndiyo yenye mafuta ya transi yanayoharibu mishipa ya moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula.

Sasa nije kwenye jambo lililozua mjadala mkubwa kuliko yote nyumbani kwetu, nalo ni idadi ya vyakula mezani. Zamani tulikuwa tunapika aina 9 au 10. Nilipopendekeza 5, shangazi alikunja uso akaniambia, "Mwanangu, wageni wakija wakaona sahani tano watasema nini? Watasema hatukuwatarajia." Nilimwelewa, kwa sababu kwake wingi wa sahani ni kipimo cha heshima. Nilimjibu, "Shangazi, hakuna atakayeondoka na njaa, nataka tu aondoke akiwa mzima." Hakukubali siku hiyo.

Nilichokuwa namweleza kina msingi wake. Mwaka 1981 mtafiti Barbara Rolls na wenzake walieleza jinsi shibe inavyofungamana na chakula mahususi: mtu anapokula chakula kimoja, hamu yake kwa chakula hichohicho hupungua, huku hamu kwa chakula chenye ladha nyingine ikibaki. Ndiyo sababu aliyeshiba nyama hadi kukataa kipande cha mwisho hunyoosha mkono mara moja keki inapoletwa. Hana ulafi. Ulimi umekutana na ladha mpya na umeanza upya. Meza yenye vyakula 10 humwanzisha mtu upya mara 10, na kila mara hupakua "kidogo tu cha kuonja". Tulipokuja kupunguza, tulichagua vyakula 5 tu na tukavipa vyote muda na uangalifu tuliokuwa tukiutawanya kwa 10. Mwaka ule nilikaa mezani na wageni tangu mwanzo hadi mwisho wa mlo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka yote ya kupika. Shangazi aliliona hilo na hakulalamika tena.

Kati ya vyakula hivyo 5, viwili ni mboga, na kimoja kinatangulia kufika mezani. Kwa kawaida ni supu nyepesi ya mboga, inayoletwa ikiwa moto huku nyama bado iko jikoni. Katika utafiti wa Rolls na mwenzake uliochapishwa mwaka 2007, watu waliokunywa supu kabla ya mlo walipunguza jumla ya kalori za mlo ule, supu ikiwamo, kwa takriban asilimia 20. Na kuna utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2015 uliofanywa kwa watu wenye kisukari aina ya pili, ambao ulionyesha kwamba wakila mboga na protini kwanza na wanga mwishoni, sukari ya damu baada ya mlo hupanda kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wakianza na wanga, ingawa chakula ni kilekile. Napenda sana njia hii kwa sababu haimnyimi mtu chochote. Hakuna anayekatazwa wali wala mkate. Vinakuja tu baadaye kidogo, na tumbo limeshatulia.

Kisukari kinanikumbusha kosa ambalo halihusu kabisa kilichomo ndani ya sufuria. Mwaka mmoja chakula cha mchana kilichelewa. Tuliwangoja wageni, tukangoja nyama iive, na mpaka saa 10 alasiri hakuna aliyekuwa amekula. Mama mdogo, anayejidunga insulini, alikuwa amedunga kipimo chake kwa kutegemea kwamba tutakula saa 7. Nilimwona akiwa amekaa kimya kwenye kiti cha pembeni, jasho likimtoka kwenye paji la uso ingawa hapakuwa na joto, na glasi aliyoishika ikigongana na meno yake kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitetemeka. Sukari yake ilikuwa imeshuka. Tulimpa nusu glasi ya maji ya matunda, sawa na gramu 15 hivi za sukari, tukapima tena baada ya dakika 15, tukampa kipande cha mkate, na akarejea katika hali yake. Lakini alikuwa amenyamaza muda wote huo kwa sababu hakutaka kuwa yeye wa kuharakisha sherehe ya watu. Tangu hapo saa ya kula naitangaza siku tatu kabla, na nikiitangaza sikawii. Atakayechelewa atakuta sehemu yake imefunikwa.

Mpishi naye ale asubuhi. Anayesimama jikoni kwa saa tano akiwa na njaa huonja mpaka kuonja kunakuwa mlo kamili usiohesabiwa, kisha huketi na kula tena na wenzake. Kuhusu vinywaji sitasema mengi: soda ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, wakati kikomo cha sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima ni karibu gramu 50 kwa siku, na ingekuwa bora zaidi zisizidi 25. Mimi naweka mezani majagi ya maji baridi yenye vipande vya ndimu na majani ya mnanaa, na soda naziacha kwenye friji. Anayeitaka ataifuata, na wengi hawaifuati. Pombe ina kalori 7 kwa kila gramu, na mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake waliandika kuhusu watu waliofika hospitali wakiwa na mapigo ya moyo yaliyovurugika baada ya kunywa sana mwishoni mwa juma na wakati wa sikukuu. Mwenye maradhi ya moyo na afahamu hilo kabla ya glasi ya kwanza.

Watu wengi huogopa kwamba mlo mmoja wa sherehe utawanenepesha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliowafuatilia watu wazima 195, ulionyesha kwamba katika msimu wa sikukuu waliongezeka kwa wastani chini ya nusu kilo, ilhali wenyewe walidhani wameongezeka mara nne zaidi. Lililonigusa ni kwamba kile kidogo walichoongeza hakikuondoka miezi iliyofuata. Sioni kwamba mlo mmoja ndio wa kuogopwa. Ninachokiona nyumbani kwangu ni majuma mawili ya keki iliyobaki juu ya kabati, bakuli la karanga ambalo halitoki mezani, na nyama iliyopikwa kwa watu 20 wakati waliokuja ni 12. Ndiyo maana nahesabu vichwa kabla ya kwenda sokoni, na keki naikata siku ileile na kumpa kila mgeni kipande aende nacho.

Hata hivyo kiporo hakikosekani, na hapo usalama unatangulia kalori. Chakula kilichoiva kisikae mezani zaidi ya saa 2, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria huzaliana kwa kasi. Wali ndio unaowadanganya wengi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa sufuriani usiku kucha, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu ambayo hata ukiupasha moto mpaka uvuke haiondoki. Nyama nyingi iliyoachwa ipoe polepole kwenye sufuria kubwa yenye kina nayo ina hatari yake. Kwa hiyo mara watu wanapoinuka mezani, kabla hata ya kuosha vyombo, mimi na dada yangu tunagawa kiporo kwenye vyombo vyenye kina kifupi, ili kipoe upesi, na tunakiingiza kwenye friji. Kesho yake napasha tu kinacholiwa wakati huo, mpaka kiwe moto nyuzi 70 au zaidi hadi katikati, na nisichopasha hakitolewi.

Baba bado anameza vidonge vyake kila asubuhi, na daktari hajavipunguza. Sikukuu iliyopita nilimwekea kiti katikati ya wajukuu, na nilipoileta sufuria mezani alininyang'anya upawa kwa upole. Alimpakulia mjukuu mdogo kwanza, akawapakulia wengine mmoja mmoja, kisha akajipakulia mwenyewe kutoka sufuria ileile. Akaonja, akanyamaza kidogo, mimi nikiwa nimesimama na kitambaa mkononi. Halafu akaomba kipande kingine cha ndimu.